Dhahabu Kwenye Visikilizi vya Mjomba Chuan

Mjomba Chuan akifumba macho, meza nzima inanyamaza. Nimeliona jambo hilo Jumapili baada ya Jumapili pale kwenye vibanda vya chakula vya Toa Payoh, hapa Singapore, na mpaka leo linanichekesha. Watu wazima, wenye kazi zao na mikopo yao ya nyumba, wanaacha kahawa ipoe wakimngoja mzee mmoja wa kandambili atoe visikilizi masikioni aseme neno. Naye akishavitoa anasema lile lile: "Anaimba vizuri huyu mama." Basi. Desmond Quek anaandika haraka haraka kwenye simu yake utadhani kashushiwa wahyi.

Mzee mwenyewe anaitwa Koh Siak Chuan, na maisha yake yote alikuwa fundi wa lifti. Alianza hajaota ndevu, wakati magorofa ya serikali yanachipuka kila kona, akawa anashinda ndani ya mashimo ya lifti, juu ya mota zinazonguruma, nyundo mkononi, masikio wazi. Enzi zile ukiziba masikio wenzako wanakuuliza kama umekuja kazini au umekuja kuolewa. Alipostaafu, mkewe Poh Choo alimwomba atafute pa kwenda, maana alikuwa anazunguka nyumbani na bisibisi akikaza skrubu zisizolegea. Akaenda madukani kuzurura. Muuzaji mmoja akamchomeka visikilizi masikioni, akamwekea mwimbaji wa ujana wake wa Kihokkien, lugha ya nyumbani kwao, mzee akaangua kilio pale pale dukani. Muuzaji akadhani analilia bei.

Tangu siku hiyo akawa wetu. Sisi ni watu wa visikilizi, vile vidogo vya kuingia ndani ya sikio, ambavyo mtu mwenye akili timamu hanunui kwa bei ya pikipiki. Jumapili asubuhi tunawahi meza, tunaiwekea pakiti za tishu isichukuliwe, kisha kila mtu anamwaga vikasha vyake. Tunabadilishana. Unafuta kwa spiriti, unavua vipira laini vya mdomoni vya mwenzako, unavika vyako, unasikiliza, unatikisa kichwa, unatoa kasoro. Mimi ni Norhayati, wote wananiita Yati, nesi wa kliniki ya masikio. Wiki nzima natoa nta kwenye masikio ya watu, na Jumapili nakuja kukaa na masikio tena. Mama yangu anasema nimerogwa, na sina hoja ya kumpinga.

Kwenye meza ile hakuna kilichokuwa na jina kama visikilizi vya Mjomba Chuan. Alivitengeneza Devarajan, kijana wetu mwenyewe, kwa mkono, jikoni kwa mama yake. Deva aliacha uhandisi bandarini kwa ajili ya kazi hii, na jozi ya kwanza kabisa aliyoiuza aliinunua Mjomba. Baada ya miaka miwili mitatu wakaanza kusema jozi ile si ya kawaida. Ina joto. Ina mahameli. Desmond, ambaye anaandika kwenye jukwaa la mtandaoni na anaweza kukueleza ngoma moja kwa kurasa nne, aliandika kwamba sauti yake ni asali inayoteremka ukutani. Sijui ukuta gani. Tena aligundua kwamba wavu mdogo wa mdomoni mwa kisikilizi, unaozuia uchafu usiingie, kwa jozi nyingine za Deva ni wa rangi ya fedha, lakini kwa ile ya Mjomba ni wa dhahabu. Toleo maalumu! Watu wakaanza kupanga foleni kuuona.

Nilipovijaribu mara ya kwanza nilisema wazi, "Mbona kama mama wa watu anaimba kafungiwa kabatini?"

Walinicheka mpaka shangazi wa kibanda cha tambi akageuka kutazama. "Dada Yati," Desmond akaniambia kwa huruma, "masikio yako bado mabichi. Hilo kabati ndilo joto lenyewe."

Nikanywa kahawa yangu. Unabishana na nani?

Aliyeumia ni Deva. Kila mteja akawa anamwambia, nitengenezee kama vya Mjomba Chuan. Akitengeneza, wanasema si vyenyewe, havina joto. Deva akafikiri labda mwanzoni alitumia wavu wa shaba bila kukumbuka, akanunua shaba. Wapi! Akatia pamba, akatoa pamba. Mwisho akabomoa jozi zake zote nzuri za zamani, moja moja, ili azijenge upya ziwe na hilo joto. Na maonyesho makubwa ya visikilizi yalikuwa Jumamosi inayofuata, alishalipia meza. Mama yake alikuwa amemwambia, kwa upole ule wa mama ambao ni mbaya kuliko ukali, kwamba asipopata wateja pale arudi bandarini.

Jumapili ile alikuja macho mekundu, akaweka jozi mpya mezani. Desmond akasikiliza, akakunja uso.

"Umekaribia, ndugu yangu. Lakini bado. Kwenye sauti za juu pana ubaridi."

"Ubaridi gani tena, Des? Nimeshaziba kila kitu! Nikiziba zaidi ya hapo si nauza mawe?"

"Usinikasirikie mimi. Sikiliza vya Mjomba ujifunze."

"Nijifunze kwa kazi yangu mwenyewe?" Deva akainamisha kichwa juu ya meza katikati ya vikombe. "Nimechoka, jamani. Narudi kuhesabu makontena."

Hapo damu ikanichemka. Nilimhurumia yule kijana, na nilikuwa nimechoka kuambiwa masikio yangu mabichi. Nikasema, "Mjomba, lete hivyo vitu vyako." Nikavua vipira, nikawasha taa ndogo ninayotembea nayo kwenye mkoba kwa ajili ya kazi, nikachungulia ule wavu wa dhahabu.

Nikachungulia tena. Astaghfirullah.

"Mjomba," nikamwuliza taratibu, "tangu uvinunue umewahi kuvisafisha?"

"Nafuta kila siku. Kwa shati."

"Humu mdomoni?"

"Deva aliniambia nisichokonoe."

"Nilikwambia usifungue!" Deva akainua kichwa. "Kuna nini?"

Nilichukua brashi yangu ndogo, nikatia tone la spiriti, nikaanza kazi ninayolipwa mshahara kuifanya. Dhahabu ikatoka. Ikatoka kidogo kidogo juu ya tishu nyeupe, na kila mtu pale mezani alijua anachokiona, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukitaja. Chini yake wavu ukang'aa fedha, sawasawa na wa jozi nyingine zote.

"Umeondoa dhahabu!" Desmond akapiga ukelele.

"Dhahabu? Desmond, hii ni nta. Nta ya masikio ya Mjomba. Ile asali yako inayoteremka ukutani ndiyo hii hapa, unataka kuonja?"

Wallahi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mmoja alikimbilia kunawa mikono, sijui kwa nini mikono. Desmond alikuwa ameshika sikio lake mwenyewe, kama mtu aliyeambiwa kile kitoweo alichokisifu kilikuwa nyama ya nini. Deva peke yake hakucheka. Alivichomeka vile visikilizi, akaweka wimbo wake wa kupimia sauti, ule wenye matoazi, akanipa kimoja nami nisikilize, na nikaona machozi yanamlengalenga.

"Ndivyo nilivyovitengeneza," akasema. "Hivi ndivyo nilivyovitengeneza mimi. Nilikuwa sawa tangu mwanzo." Kisha uso ukamshuka ghafla. "Na zingine zote nimezibomoa."

Tukageuka kumtazama Mjomba. Kila mtu aliogopa, maana tulikuwa tumeharibu hazina yake mbele ya macho yake. Deva akamrudishia kwa mikono miwili. Mzee akavivaa, akafumba macho, meza ikanyamaza kama kawaida. Wimbo ukapita wote. Akafumbua macho, akatabasamu.

"Vile vile," akasema. "Hamjaharibu kitu."

Desmond akashusha pumzi. "Mnaona? Joto bado lipo. Mjomba amelisikia." Watu wanavishwa kilemba cha ukoka, lakini huyu alikuwa anamvika mwenzake huku na yeye mwenyewe anakiamini.

Mimi sikucheka tena. Kati ya sauti ile ya kabatini na hii ya sasa palikuwa na tofauti ambayo hata shangazi wa kibanda cha tambi angeisikia. Nikamfuata Mjomba alipoenda kurudisha sinia, nikasimama nyuma yake, nikasugua vidole vyangu karibu na sikio lake la kulia, kisha la kushoto. Hakugeuka. Nikamgusa bega.

"Tangu lini, Mjomba?"

Aliangalia kwanza kama kuna mtu karibu. "Siku nyingi, mwanangu. Ndege wa asubuhi waliondoka kwanza. Wakafuata wajukuu, wale wenye sauti nyembamba. Poh Choo anadhani nampuuza, na bora adhani hivyo."

"Na huyu mama anayeimba?"

"Yeye sauti yake nzito, ya chini. Hivi visikilizi vikijaa sikioni namsikia yeye. Peke yake."

"Mficha maradhi kilio humuumbua, Mjomba. Mimi nesi. Njoo kliniki."

"Nitakuja. Lakini usiwaambie wale." Akatazama meza yetu. "Kote kwingine mimi ni mzee wa lifti. Pale mimi ni masikio."

Ningeweza kumkemea, nimezoea kukemea wazee. Sikuweza. Tuliporudi mezani tulimkuta Deva anakusanya vifaa vyake kama mtu anayefungasha msiba. Mjomba akazungusha waya polepole, akaweka visikilizi kwenye kikasha chake cha bati, akakisukuma mbele ya Deva.

"Chukua. Jumamosi waonyeshe kazi yako."

"Mjomba, siwezi. Hii ndiyo jozi yako pekee."

"Kijana, chukua kabla sijabadili mawazo."

Deva akachukua akimshukuru, bila kujua anachukua nini. Nilijua mimi. Wiki nzima mzee yule angekaa bila ile sauti moja aliyobakiwa nayo. Nilifungua mdomo, naye akanitazama. "Yati, kunywa kahawa yako, inapoa." Nikainywa.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Meza za wakubwa zilikuwa na taa na mabinti waliovalia sare. Ya Deva ilikuwa na kitambaa cha mama yake na jozi moja tu. Watu walipita wakaangalia, wakaendelea na safari zao. Mpaka akaja Bwana Kitamura, mwenye maduka huko Osaka. Akasimama, akauliza kwa nini jozi ni moja, tena iliyochakaa. Deva akaanza kubabaika.

Desmond ndiye aliyejitosa, na kwa nia njema kabisa. Akamshika Mjomba begani, akamvuta mbele. "Bwana Kitamura, hivi ni vyake. Hapa Singapore hakuna masikio yanayomzidi huyu mzee. Muulize yeye!"

Watu wakasogea. Nusu ya kundi letu la Jumapili lilikuwa pale. Bwana Kitamura akainama kwa heshima, akauliza polepole ili aeleweke, "Mzee, hizi sauti za juu, matoazi, zikoje? Zina ukali?"

Mjomba akanitazama mimi. Midomo ya yule bwana aliisoma vizuri, nina hakika. Angeweza kusema lolote. Angesema zina joto, tungesikia zina joto, na Desmond angeandika kurasa sita. Lakini kama angebahatisha vibaya, Mjapani yule angetikisa kichwa na kwenda zake, na Deva angerudi bandarini.

"Bwana," akasema, kwa sauti kubwa mno, "usiniulize mimi. Matoazi sijayasikia miaka mingi. Masikio yangu niliyaacha kwenye mashimo ya lifti. Vaa wewe, usikilize mwenyewe."

Desmond alibaki mdomo wazi, na mkono wake ukateleza kutoka begani kwa mzee. Nilisikia aibu, nikasikia fahari, vyote pamoja, nikataka kumkumbatia yule mzee mbele ya watu wote wale. Bwana Kitamura hakucheka. Aliinama tena, chini zaidi kuliko mara ya kwanza, akavivaa, akasikiliza wimbo mpaka mwisho. Kisha akaomba wimbo mwingine. Kisha akamvuta Deva pembeni.

Walizungumza, wakasita, wakazungumza tena. Mjomba alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya meza, mikono magotini. Desmond alimletea maji ya kunywa, akamkabidhi bila neno lolote, na kwa Desmond hilo ni jambo kubwa.

Deva akarudi anakimbia, anapasua katikati ya watu, anapayuka. Anataka jozi arobaini! Arobaini, Mjomba, kama hizi hizi, bila kubadilisha kitu! Ukumbi mzima unavuma, muziki huku, matangazo kule, naye kamshika mzee mabega anamtikisa. "Mjomba! Umesikia? Umesikia alichosema?"

"Sijasikia hata neno moja," Mjomba akajibu. "Lakini meno yako nimeyaona yote."