Maji Niliyoyarudisha Dumuni

Mwaka ule nilikuwa nafundisha kemia Newala huku nikisoma shahada ya uzamili kwa kujibana. Utafiti wangu ulikuwa mdogo: kupima joto linalotoka pale asidi zenye klorini zinapochanganywa na kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Asidi ya siki tunaila kwenye kachumbari. Ikiongezwa klorini moja inakuwa kali, ikiongezwa tatu inababua ngozi. Nilitaka kujua kila klorini inabadilisha joto hilo kwa kiasi gani.

Kazi hiyo niliifanyia kwenye maabara ya shule, likizo ya Juni, wakulima wakipuliza salfa mikoroshoni. Chombo changu kilikuwa chupa ya chai na kipimajoto kilichopenyezwa kwenye kizibo. Msaidizi wangu alikuwa mama mmoja wa Lulindi, mjane, mhudumu wa maabara tangu kabla sijaja. Alinichemshia maji, akakusanya mvuke wake ukipoa, akanijazia dumu la maji safi kabisa ya kuyeyushia asidi.

Siku za kwanza namba zilitulia. Baadaye joto likaanza kushuka, kidogo kidogo, asidi ileile, kipimo kilekile. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nilimwita.

"Mama, umeharibu nini humu?"

"Mwalimu, chupa zako sijazigusa."

"Basi nani? Ufunguo tunao wawili tu."

"Sijazigusa, baba."

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa mkuu wa shule. Yule mama alikuwa kibarua, hakuhitaji kikao wala barua. Wiki iliyofuata hakuwepo. Aliniachia madumu mawili yamejaa, vifuniko vimekazwa.

Nikaendelea peke yangu na dumu lile la kwanza, na joto likaendelea kushuka.

Mchana mmoja nilisuuza vyombo vilivyokuwa na kostiki. Maji ya mwisho yalibaki kwenye bilauri, meupe, hayana hata vumbi. Mkono wangu ukayapeleka dumuni. Nilikuwa nimeshaanza kuyamimina nilipouona mkono wenyewe unafanya nini.

Nimekulia Kitangari. Mama yangu aliteka maji bondeni, akapanda nayo mlima kichwani, na nyumbani kwetu maji masafi yaliyobaki hayakumwagwa, yalirudi mtungini. Kumbe kila siku nilikuwa narudisha dumuni kostiki isiyoonekana, nayo ilikuwa inaila asidi kabla sijaanza kupima. Kwamba kilichokwisha kutoka hakirudishwi chupani ndicho kitu cha kwanza ninachowafundisha kidato cha kwanza. Niliona aibu mpaka nikakaa sakafuni.

Nilimwaga dumu lile. Nikafungua moja kati ya yale aliyoniachia, nikapima upya, na namba zikatulia. Nikaenda kwa mkuu wa shule kukiri. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema nafasi ile imeshapata mtu.

Nikapanda basi mpaka Lulindi. Nilimkuta uani anapepeta mbaazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mwalimu."

Alinipa kigoda. Nikamweleza yote bila kujitetea: maji, kostiki, mkono wangu, na kwamba kazi yake imeondoka na mimi ndiye niliyeiondoa. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza ungo ukiwa mapajani.

"Maji nilikuwa nakuona ukiyarudisha," akasema. "Kila siku. Mimi nilifurahi. Nikasema, huyu kasoma lakini hajasahau shida ya maji."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningejuaje kama ni kosa? Mwenye elimu ni wewe." Akapuliza makapi, akaokota kijiwe kimoja, akakitupa. "Ungeniuliza nimeona nini mle ndani, ningekueleza yote, na hilo la maji lingekuwemo. Wewe uliniuliza nimeharibu nini."