Mstari Uliokosekana Siku ya Kwanza

Katika kituo kile cha afya hakuna aliyemwita tabibu mkuu kwa jina lake. Walimwita Saa Ngapi. Ukimpelekea ripoti ya mgonjwa, hata iwe imenyooka vipi, atavua miwani aulize: homa ilianza saa ngapi, dawa alimeza saa ngapi, nani alimwona? Wauguzi walitaniana kwamba siku ya kuposa aliwauliza wakwe saa hasa binti yao alipoanza kumpenda. Walicheka, lakini waliandika vizuri, maana mzee hakuona haya kumrudishia mtu karatasi mara tatu.

Wiki hii ripoti ilikuwa yake mwenyewe. Binti wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ushonaji, alikuja na maumivu ya mkojo, akapewa vidonge vya salfa. Ngozi ikambabuka mwili mzima, na siku ya tisa akafariki. Jambo kama hilo hutokea kwa nadra, na matabibu wengine wanapaswa kulisoma. Lakini ripoti haitoki bila idhini ya ndugu, kwa hiyo mama wa marehemu aliitwa, na Saa Ngapi akamsomea neno kwa neno.

Mama alisikiliza, mikono mapajani.

"Jina lake halimo?"

"Hatuandiki jina la mgonjwa, mama. Ni kumsitiri."

"Na lako?"

"Langu liko juu. Mimi ndiye mwandishi."

"Haya. Rudia pale pa siku ya kwanza."

Akarudia: mgonjwa hakuwahi kudhurika na dawa yoyote. Sentensi ile ilikuwa uongo, na aliyeitunga ni yeye. Asubuhi ile foleni ilifika getini. Binti alisema, tena kwa aibu, kwamba utotoni alimeza salfa akatoka malengelenge midomoni. Saa Ngapi alimsikia vizuri sana. Akajiambia watoto wote hutoka malengelenge, akaandika dawa. Na mama alikuwa ameketi pembeni ya mwanawe, kwenye benchi hilohilo aliloketi sasa.

Mkuki kwa nguruwe. Karatasi za wenzake alizirudisha bila huruma, hii yake akataka ipite.

Alishika kalamu, akaikata sentensi ile, akaandika nyingine huku akiisoma kwa sauti: "Mgonjwa alimweleza mwandishi kwamba salfa iliwahi kumdhuru utotoni. Mwandishi hakuliandika hilo, akampa salfa." Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Mama, mimi ndiye niliye..."

"Nilijua tangu siku ile." Mama alivuta fomu, akasaini polepole, herufi moja moja. "Sikuja kukusamehe, daktari. Nimekuja uliandike."

Akaondoka bila kuaga. Mgonjwa wa kwanza akabisha hodi, na Saa Ngapi akafuta machozi, akavuta karatasi mpya.