Sauti ya Pili ya Bibi Hedviga

Ti: mlio wa kijiko kikigonga meno yaliyobanwa. Kasoki huusikia mpaka leo, akiwa kwenye tramu, akiwa anachemsha sombe, majani ya muhogo, kwake Ixelles. Ni mlio mdogo, lakini umekataa kumtoka masikioni.

Kabla ya mlio huo, Bibi Hedviga alikuwa anakula. Aliletwa kwenye nyumba ya wazee ya Berchem na Zuzana, binti wa ndugu yake, anayefanya kazi hapa Brussels. Zamani, huko Slovakia, Bibi na mwenzake Ondrej waliimba wawili kwenye televisheni, na watu waliacha chakula mezani wakawasikilize. Ondrej amekwisha kufa. Bibi alikuwa amelisahau hilo, amesahau Kifaransa, amesahau hata njaa. Kitu kimoja tu hakikumponyoka: sehemu yake katika wimbo wao.

Kasoki, mlezi wake, ndiye aliyegundua. Aliutafuta wimbo kwenye simu, akaandika daftarini maneno asiyoyaelewa, jinsi sikio lilivyoyapokea, akajifunza sehemu ya Ondrej. Sauti ya pili haikuwa ngeni kwake. Aliimba hivyo miaka kumi na mmoja katika kwaya ya kwao Butembo, Kongo, bega kwa bega na dada yake Kavira, mpaka Kavira alipouawa kwenye barabara ya Beni. Tangu siku hiyo, kanisani, Kasoki alichezesha midomo tu. Sauti yake ilirudi kwa ajili ya bakuli la supu ya karoti. Bibi aliimba, Kasoki akamwitikia. Bibi alipotua kuvuta pumzi, kijiko kikaingia.

"Maman Ondrej!" Mignonne, mlezi mwenzake, humtania koridoni. "Leo concert iko saa ngapi?"

"Midi, saa sita kamili. Na wewe hauna billet ya kuingilia, utabaki inje."

"Jana alikula vijiko ngapi?"

"Cuillères dix-sept!" Kasoki alijibu, kifua mbele kwa vijiko hivyo kumi na saba, kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Mwezi wa nne, televisheni ya kwao Bibi iliandaa jioni ya nyimbo za zamani, watazamaji wapige kura. Wimbo wa Hedviga na Ondrej ukawa wa kwanza. Zuzana alituma video huku akilia kwa furaha, na Kasoki, naye kwa furaha, akaisimamisha tableti mbele ya sinia la chakula.

Ondrej akatokea, kijana, kola pana, ameinamisha kichwa kwa mwenzake kwenye maikrofoni moja. Kisha ukumbi wa leo: watu wamesimama, wanapiga makofi. Bibi alinyoosha mgongo. Akagusa kioo. Akalitaja jina la Ondrej, akageuka kuutazama mlango.

Kasoki alianza sauti ya pili, taratibu, kama kila siku. Bibi akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza akamtazama kweli, akamwekea kidole midomoni. Nyamaza. Alitaka kusikia hatua za Ondrej akija.

Bibi hakuimba tena, wala hakufungua mdomo kula. Kasoki alijaribu kusimama nyuma ya kiti, uso wake usionekane. Alizima tableti, akaificha. Alishusha sauti mpaka ikawa nzito kama ya mwanamume. Bibi alibana meno na kuutazama mlango. Kila alipoingia mtu, uso wake uling'aa, kisha ukazimika. Na siku nzima watu huingia na kutoka. Daktari alisema hatamwekea mpira wa kumlisha, umri umekwenda, tusimtese. Siku ya tisa, asubuhi, Bibi akafa, kichwa kimeelekea kule kule mlangoni.

Zuzana alikuja kuchukua nguo. Akamshika Kasoki mikono yote miwili. "Asante, madame. Umemwezesha kuuona ushindi wake. Si wengi wanaopata bahati hiyo."

Kasoki alimfungia begi la nguo. Jumapili ile kanisani alisimama mstari wa nyuma, midomo yake haikuchezacheza hata kidogo.

Jumatatu Mignonne alimkuta chumba cha kubadilishia nguo, ameketi, kiatu kimoja mkononi.

"Yaya, dada yangu, haiko kosa yako. Ile mumama alikuwa na ma-années mingi, alizeeka. Bon, simama, tuko retard, kazi inatungoja."

Kasoki hakusimama. Alisema chini chini, mpaka Mignonne akalazimika kuinama kumsikia:

"Alikuwa anakula, Mignonne. Kwangu, alikuwa anakula."