Sahani ya Mgeni

Leokadia alijifunzia kusoma midomo kiwandani. Mitambo ya kufuma ilinguruma hata wafumaji wa mji wa Łódź, Polandi, wakawa wanazungumza bila sauti, kila mmoja akitazama kinywa cha mwenzake. Kiwanda kilifungwa, masikio yakabaki nusu, macho hayakusahau. Ndiyo maana matusi hayampiti. Zamani yaliwalenga Wayahudi na Waroma, wale wa jamii za kuhamahama. Siku hizi, kwenye foleni ya mkate, yanawalenga Waukraine na kila mwenye ngozi ya kahawia. Watu hushusha sauti, naye huyaona yakitoka kinywani kama funza kwenye tofaa.

Mkesha wa Krismasi alitandika meza kama alivyofunzwa na mama yake: nyasi kavu chini ya kitambaa, supu nyekundu ya bitiruti, samaki, na sahani moja ya ziada kwa yeyote atakayebisha hodi. Ryszard, ndugu wa marehemu mumewe, na mkewe Grażyna, ndugu pekee waliombakia, walikwisha kusimama, kila mmoja na kipande cha mkate mwembamba uliobarikiwa. Hakuna anayekula kabla ya kumegeana na kuombeana heri.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Dipendra, Mnepali wa ghorofa ya juu, ambaye humpandishia makaa ya mawe tangu goti la bibi liharibike.

"Weka ndoo, mwanangu. Sahani yako ile pale."

"Bibi, viatu vyangu vichafu."

"Si uvivue!"

Akainama kufungua kamba. Ryszard akamgeukia mkewe, akachezesha midomo bila sauti: *Chapati huyo atatuletea uvundo mezani.* "Chapati" ndilo tusi la mtaani kwa watu wa rangi yake. Grażyna akacheka puani.

Leokadia akamgeukia Ryszard.

"Shemeji, hebu liseme kwa sauti."

"Lipi tena? Wewe si kiziwi?"

"Kiziwi, si kipofu."

"Aa, mzaha tu! Njoo tumegeane, nikuombee afya."

Ryszard akanyoosha mkate wake. Leokadia hakuwahi kumnyima mtu mkate usiku wa mkesha, hata mumewe alipokuwa chakari. Akarudisha mkono.

"Kinywa hicho kisiniombee kitu."

Akammegea Dipendra, aliyesimama na soksi zake zilizotoboka. "Mama yako akuone mzima, mwanangu."

Ryszard akavuta koti, Grażyna akabeba keki yake. Mlangoni Ryszard akageuka, midomo ikaanza kucheza.

Leokadia akafumba macho.