Mashahidi Wawili wa Plasta

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza. Fundi mkuu, mzaliwa wa Unguja kama wazee wangu, alinitia nyundo mkononi akanipeleka kwenye ukuta wa mlima nyuma ya mtaa wa Darsait, hapa Maskati. "Gonga, usikilize," akasema. Jiwe zima hulia kama kengele; jiwe lililoachana na mlima hutoa sauti nzito, ya mtungi wenye ufa. Niligonga mpaka alasiri, kiganja kikafanya malengelenge, na yeye hakusema hata "pole". Nilimchukia siku ile, sifichi.

Kazi yetu ilikuwa ukaguzi wa miteremko, yaani kuiangalia milima iliyosimama juu ya barabara za Maskati, khasa baada ya dhoruba. Nyinyi vijana mna mitambo inayopima kwa mwanga. Sisi tulikuwa na plasta. Ukiona ufa kwenye jiwe, unaupaka plasta nyembamba juu yake na kuandika tarehe. Plasta hiyo tukiiita shahidi: ikipasuka, mlima umesogea. Fundi wangu alikuwa na sharti lake. Ukimweka shahidi juu ya ufa, mweke na mwengine pembeni, kwenye jiwe zima. "Hata ndoa haifungwi kwa shahidi mmoja," akinambia. Wenzangu wakicheka kwamba tunapoteza plasta bure. Mimi nilitii, maana nikimwogopa.

Nilizungushwa vituo vitatu, fundi akastaafu, ndipo nikapewa barabara ya pwani upande wa Mutrah. Mwaka huo ikapiga dhoruba, mvua siku mbili mfululizo. Ya tatu jua likatoka, mbingu safi, watu wakasema alhamdulillahi yamekwisha. Yamekwisha wapi! Maji yameshazama ndani ya nyufa na yanausukuma mlima kutoka ndani. Mlima huanguka watu wakiwa wameshaanika mazulia. Asubuhi hiyo nilipanda, nikamkuta shahidi wangu wa ufani kapasuka katikati.

Nikaifunga njia, nikampigia Mudir, mkubwa wa idara. Akaja na kanzu yake nyeupe, uso umemkunjana, kwani meli ya watalii imeshafika Bandari ya Sultan Qaboos na mabasi yao yangepita hapo saa sita mchana.

"Bi Asila, hiyo plasta imepasuliwa na jua tu. Fungua njia."

"Sifungui, Mudir."

"Ukikosea, mlima hutoukanyaga tena. Ntakutia stoo ukapange mafaili mpaka ustaafu."

Nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye kazi ile, na wengi walisubiri niteleze. "Basi twende tukamwone shahidi wa pili," nikamwambia. "Kapakwa siku moja na huyu, plasta ile ile, jua lile lile. Kama ni jua, na yeye kapasuka."

Akaikunja kanzu, akapanda huku akihema na kunung'unika. Shahidi wa pili alikuwa mzima, hana hata mstari. Mudir akapitisha kidole juu yake, akarudia tena. Akashuka, akawaambia askari wa barabarani: "Njia imefungwa mpaka Bi Asila aseme."

Saa sita ikafika, ikapita. Mabasi yalipangana mbali kule, madereva wakipiga honi, na mimi nikisoma kila dua niijuayo. Karibu na saa saba mlima ukanguruma, ukashuka! Mawe makubwa kama magari yakaifunika barabara nzima, vumbi likafika baharini. Chini yake hakukuwa na mtu hata mmoja. Hata paka! Wallahi nilipiga kigelegele na kofia yangu ya kazi kichwani, na askari wakaitikia kwa makofi. Mudir alinipa mkono mbele yao wote, na wiki ile ile akaandika amri: kila ufa, mashahidi wawili.

Sasa nimestaafu, nakaa Ghubra, na kila nikipita barabara ile nainua kichwa. Najivunia, kwa nini nisijivunie? Siku ya kuniaga walisoma hotuba ndefu, tukala halwa. Kisha akaingia fundi wangu, mzee, anajikongoja. Hakusema habari ya mlima. Akanishika mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akakitazama.

"Pole kwa malengelenge," akasema.

Nikalia kwa furaha mbele ya idara nzima.