Dina wa Misigiri na Vita Ambavyo Havijaja

Dina alikuwa mkulima wa uwele pale Misigiri, mwanamke wa maneno machache. Mumewe, Isaka, alichukuliwa jeshini wakati Waingereza walipopigana na Wajapani, akapelekwa Burma. Huku nyuma mvua ikakataa. Dina aliwalisha wanawe wawili mlenda mkavu na mizizi ya porini, na yule mdogo alipopata surua hakuwa na nguvu ya kupambana nayo. Isaka alirudi na koti la jeshi na kikohozi, akaonyeshwa kaburi.

Jumapili moja, mwaka wa hamsini, watu walipotoka ibadani, Mwalimu Paulo aliwasomea gazeti kama kawaida yake. Warusi nao, alisema, wamekwisha kupata bomu kama lile lililoteketeza miji ya Japani. Wako wakubwa huko ng'ambo wanaotaka ndege zikapige maabara zao kabla hawajaunda mengine.

"Maabara ndiyo nini, Mwalimu?" Dina akauliza.

"Ni nyumba ambamo wataalamu hupima vitu na kuchanganya madawa. Bomu huanzia humo."

"Basi wazipige," Isaka akasema. "Sisi tuliwakuta Wajapani wamekwisha kujichimbia mahandaki. Kila kilima tulikipata kwa kuzika watu. Wangewahiwa mapema, nisingeijua Burma."

Wanaume wengi waliafiki. Njiani kurudi nyumbani, Dina akamwuliza mumewe:

"Baba Yohana, ukimchomea mtu nyumba, mwenyewe bado yu hai. Hatakuja?"

"Wewe vita hukuviona."

"Niliviona. Vilinikuta hapa hapa."

Isaka akakohoa, wakaendelea kutembea.

Msimu ule wote walibishana juu ya jambo hilo, bila ugomvi, huku wakipalilia. Isaka hakuwa mjinga. Alisema bomu moja linamaliza mji, na anayengoja naye anacheza na roho za watu. Siku nyingine Dina alikaribia kumkubalia. Kisha aliwafikiria wanawake wanaopika jirani na hizo maabara, ambao labda hawajui hata kinachofanyika ndani, na moyo wake ukarudi nyuma.

Jioni moja wakila, Yohana, mtoto wao aliyebaki, alisema maofisa wa jeshi wanakuja Kiomboi kuandikisha vijana, naye atakwenda.

"Kwa nini?" Isaka akauliza.

"Umesema mwenyewe, baba, kwamba adui awahiwe. Nataka niwe mmoja wa watakaomwahi."

Isaka alilirudisha tonge sahanini. "Nilisema wapige. Sikukutaja wewe."

"Ulikuwa unamtaja nani, baba?"

Dina angeweza kusema mengi. Kwa wiki nyingi alikuwa akitamani mumewe akwame hivyo. Sasa amekwama, na Dina hakuona raha yoyote. Alimwongezea Isaka mlenda, akamwambia ale.

Yohana alikwenda. Isaka mwenyewe alimsindikiza mpaka kwenye lori, akamfundisha namna ya kufunga viatu ili miguu isioze. Dina alifyeka pori nyuma ya nyumba, akapanda uwele zaidi, akajaza vihenge na kukataa kuuza hata debe moja.

"Unangoja nini?" Isaka alimwuliza.

"Vita vikija, vinikute nina chakula."

Havikuja. Zile maabara hazikupigwa. Yohana alilinda maghala ya jeshi Dar es Salaam, akarudi na mke Mnyakyusa, aliyechukua muda kuuzoea ugali wa uwele.

Isaka hakubadili mawazo. Mpaka uzeeni alishikilia kwamba wakubwa walikosea kutozipiga, kwamba dunia imepona kwa bahati tu, na kwamba bahati hiyo ipo siku itakwisha.

"Huenda," Dina alimjibu mara moja, wakipura uwele. "Mimi sina hakika kama nilikuwa sahihi. Najua tu kwamba sikutaka vita."

"Hata mimi sikutaka," Isaka akasema, akaendelea kupura.