Watu Kumi na Wawili wa Chenge

Chenge alimdhulumu Dorotea cherehani. Alimpa kaseti ya gemu, akamwambia ndani yake mna wapiganaji kumi na wawili, kila mmoja na mapigano yake, akaondoka na cherehani ya miguu aliyoachiwa Dorotea na marehemu mama yake. Wapiganaji hawakuwa kumi na wawili. Na Dorotea alipolisema hilo mbele ya watu, Chenge alimjibu kwamba asiyejua kusoma hana macho ya kuhesabia.

Lingefanywa na mpita njia lisingeuma hivyo. Chenge alikuwa mkwe wake. Winnie, binti pekee wa Dorotea, alikuwa ameolewa na mtoto wa Chenge, na mwaka huo wa tisini na saba alikuwa na mimba ya miezi saba, akiishi uani kwa wakwe zake.

Dorotea hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alizaliwa Magu, na kwa misimu kumi na tisa kazi yake ilikuwa kutenga pamba: safi huku, fifi, yaani ile chafu, kule. Wakulima wajanja walikuwa wakitandaza pamba safi juu ya gunia na kuficha fifi chini, kwa hiyo mtengaji mzuri hakuangalia mdomo wa gunia. Alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akafumba macho, akapapasa. Dorotea alisifika kwa mkono huo. Wanunuzi binafsi walipokuja na mizani yao, ghala alilofanyia kazi likafungwa, akapewa kiinua mgongo, akahamia mjini, mtaa wa Mirongo, na kununua televisheni ya rangi na mashine ya gemu. Akafungua banda. Wateja walicheza upande mmoja, yeye akashona sare za shule upande wa pili, mguu ukikanyaga cherehani na sikio likiwa kwenye pedi za kuchezea.

Kaseti ya kwanza ilikuwa na mtu mmoja tu, kijitu cha kofia kinachokimbia na kuruka mashimo. Ililisha nyumba mwaka mzima. Halafu banda jipya likafunguliwa ng'ambo ya mto, lenye gemu ya ngumi, na wateja wakaanza kupungua. Mihayo, fundi baiskeli wa jirani, ndiye aliyemwambia ukweli.

"Mama Winnie, huyu mtu wako tumemchoka. Tunamjua kuliko wake zetu."

"Mke unaye wewe, Mihayo?"

"Ndiyo maana namjua zaidi huyu."

Siku chache baadaye Chenge akaja, kofia mkononi, kama mkwe anavyoingia kwa mkwe. Alikuwa mchuuzi wa vitu vya kila aina, alivyovitoa Dar kwa treni. Akaketi, akaulizia afya, akatoa kaseti iliyochorwa watu wenye misuli.

"Mkwe, nimesikia shida yako. Hapa pana watu kumi na wawili. Huyu wa teke, huyu wa ngumi, huyu wa kurusha moto. Mteja akimchoka mmoja, anachukua mwingine. Atachoka lini?"

"Na wewe unataka nini, mkwe?"

"Cherehani. Lakini nayo haiendi mbali. Inakwenda kwa Winnie. Si ungempa hata hivyo?"

Ni kweli angempa. Kila mtu alijua kwamba cherehani ile ingefuata ukoo wa kike. Ndiyo maana neno hilo lilimwingia. Faizan, kijana wa duka la mabomba na vyuma la baba yake, mteja wake wa kila jioni, alikuwepo; akasema, "Mama, tuijaribu kwanza, tuone." Dorotea akamkatiza. Huzamishi mkono kwenye gunia la mkwe. Ungemfanya mwizi usoni pake, na habari ingefika uani kabla ya wewe kufika nyumbani. Hilo ndilo kosa la Dorotea, na hamlaumu mwingine kwa hilo.

Walikwenda kwa Mzee Venant, balozi wa nyumba kumi, wakawekeana neno: kaseti ikiwa haina watu kumi na wawili, basi ndani ya siku kumi na nne Dorotea airudishe, Chenge naye arudishe cherehani. Baada ya hapo, kila mtu na chake.

Siku mbili za kwanza banda lilijaa. Watu walichagua wa nyekundu, wa bluu, wa kijani, wakapigana na kucheka. Siku ya tatu Dorotea hakuwa na cha kushona, na miguu yake ilikanyaga hewa chini ya kiti. Akajikuta anatazama kioo. Cherehani ingekuwepo, asingeona kitu.

Aliona mguu. Wa nyekundu alipopiga teke, mguu ulipinda kidogo kwenye goti kabla ya kunyooka. Wa bluu akapiga, goti likapinda vilevile. Wa kijani vilevile. Akafumba macho, akasikiliza pedi: tatata, kimya, ta. Mteja akabadilisha mtu. Tatata, kimya, ta.

Watu walipoondoka akaizungusha swichi ya kupunguza rangi, hadi kioo kikabaki cheupe na cheusi kama televisheni za zamani. Akabonyeza, akawapitia mmoja mmoja. Mwembamba. Mwembamba. Mnene. Mwembamba. Mnene. Hadi akafika kwa mwanamke mwenye kilemba, aliyekuwa peke yake kwelikweli, anayeruka mbali na kupiga taratibu, kiasi kwamba anayemchukua hulazimika kujifunza upya. Watatu. Wengine tisa walikuwa nguo tu, hao hao waliobadilishwa rangi.

Jioni ya pili yake akawauliza Mihayo na Faizan, kama anauliza habari za mvua.

"Hivi hawa kweli ni tofauti?"

"Tofauti kabisa," alisema Mihayo. "Mimi wa bluu ndiye ananifaa. Wa kijani ananipa mkosi."

Faizan alifikiri. "Mkono ni ule ule, Mama. Lakini mtu anapenda kuchagua. Kuchagua nako ni mchezo."

"Siku ngapi?"

"Nini?"

"Mtu anafurahia kuchagua kwa siku ngapi, kama anachochagua ni kile kile?"

Jibu lilikuja lenyewe: siku ya sita viti viwili vilikuwa vitupu, na siku ya tisa vilikuwa vinne. Akakumbuka kijitu cha kofia. Mihayo alikuwa akikipitisha kwa hofu, akisimama kila ukingo. Faizan alikikimbiza kama kinadaiwa. Mtu mmoja, mikononi mwao akawa wawili. Hawa wa Chenge, mikononi mwa yeyote, walirudi kuwa yule yule.

Sasa angemwendea balozi. Lakini kila asubuhi alipofunga khanga kwenda, aliona akilini uani kwa Chenge: Winnie anachota maji na tumbo lile, Winnie anaulizwa mama yako anatafuta nini kwetu. Siku ya kumi akaenda kumwona, kwa kisingizio cha kupeleka dagaa.

"Ile cherehani unashonea nini?" aliuliza.

Winnie aliinama kwenye sufuria. "Ipo Usagara, mama. Baba mkwe kaweka fundi pale njia panda."

"Hujaigusa?"

"Niliiona ikipakiwa kwenye gari." Kisha, kwa sauti ya chini: "Mama, niache nijifungue kwanza."

Kujifungua kulikuwa kumebaki miezi miwili. Kwenye ahadi zilibaki siku nne. Dorotea alirudi kwa miguu, na njiani alihesabu kwa vidole mara tatu, kama vile hesabu ingebadilika. Usiku hakulala, na si kwa sababu ya mbu.

Siku ya kumi na tatu alimwambia Mzee Venant waje kesho yake, yeye na Chenge, watazame kwa macho. Kulipokucha umeme haukuwepo. Ilikuwa zamu ya Mirongo kwenye mgao. Dorotea alikaa mlangoni akitazama ile taa ndogo nyekundu ya televisheni, iliyokufa. Saa tano. Saa saba. Venant alikuwa amesema atangoja hadi jua lizame, si zaidi. Faizan akaleta jenereta ya dukani kwa baba yake, ikakohoa, ikazima. Saa kumi na nusu taa nyekundu ikawaka yenyewe, na Dorotea akagundua kwamba alikuwa ameshikilia ukingo wa kiti muda wote.

Chenge alikuja, na akaja na Winnie. Alimkalisha kwenye benchi la mbele, karibu na kioo, na kumwekea mto mgongoni mbele ya watu wote. Dorotea alielewa: atakalolisema leo, Winnie ndiye atakayelilipia uani.

"Mihayo," alisema, "kaa. Chagua wa bluu." Akazungusha swichi, rangi ikatoka. "Huyu ni nani?"

"Wa bluu."

"Chagua wa nyekundu. Huyu je?"

"Wa nyekundu."

"Umemjuaje?"

Mihayo alikuna kichwa. "Nimekumbuka nilichobonyeza."

Watu wakacheka. Dorotea akampitisha kwa wote, na kwa kila mmoja akamwambia apige teke. Goti likapinda, likapinda, likapinda. Mwishoni akaja mwanamke wa kilemba, na banda zima likasema "huyo" kwa pamoja, bila kuambiwa. Mzee Venant alisogeza kiti karibu. Akanyoosha vidole vitatu, akavitazama, akavikunja.

"Nimeona," alisema.

Dorotea alianza kupumua.

"Umeona picha, balozi," alisema Chenge kwa upole. "Lakini tulipatana nini? Watu. Mtu anajulikana kwa jina. Mihayo, wewe si umesoma? Tusomee hayo yaliyoandikwa chini yao."

Mihayo alimtazama Dorotea, akatazama kioo. Akasoma. Jina moja baada ya jingine, majina ya kigeni ya kutatanisha ulimi, hadi yakafika kumi na mawili.

"Majina mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Mkwe wangu si mwongo," Chenge aliwaambia watu, akitabasamu. "Hajui kusoma tu. Asiyejua kusoma utampa macho gani ya kuhesabia?"

Baadhi walicheka, wale wale waliosema "huyo" kwa pamoja. Mzee Venant alisugua magoti. Alikuwa mtu mwema, na kitu kile cha umeme kilimtisha. Kilichoandikwa hakikumtisha; hicho alikiamini.

"Majina yapo," alisema hatimaye. "Kwenye maandishi siwezi kupinga."

Dorotea alikuwa na neno. Alitaka kusema kwamba mapacha wana majina mawili na miili miwili, na gunia huwezi kuliita safi kwa kuliandika safi. Alitaka kusema anakwenda baraza la kata. Mdomo ulikuwa umefunguka. Akamwona Winnie, mikono imeshika tumbo, akitikisa kichwa polepole sana, kiasi ambacho hakuna mwingine aliyeona.

Akafunga mdomo. Akairudisha rangi, nyekundu ikawa nyekundu, na watu wakaanza kuinuka.

Winnie alijifungua salama, mtoto wa kike, na banda likafungwa kabla mtoto hajaota jino. Dorotea sasa anauza dagaa. Kaseti bado anayo. Siku Mihayo alipokuja kuomba kuinunua, alisema anataka kumcheza yule mwanamke tu. Wengine, alisema, ni wale wale. Alisema hivyo mlangoni, wakiwa wawili, hakuna mwingine wa kusikia.

Cherehani bado ipo Usagara, njia panda, na mwenye kuikanyaga hajui ya nani. Chenge anadaiwa hiyo, pamoja na gurudumu lake na boksi la bobini. Mihayo anadaiwa kuyasema ya mlangoni palepale alipoyasoma yale majina. Mzee Venant anadaiwa vidole vitatu, avinyooshe tena mbele ya watu na safari hii asivikunje. Winnie hadaiwi kitu na mama yake. Yeye ndiye anayeidai cherehani ile, na mtoto wake baada yake.